Mashine ya kufulia imegoma kukamua: jinsi ya kupima na kubadilisha swichi ya mfuniko

Mashine inajaza maji, inafua, inasuuza, inamwaga maji yote, halafu ikifika kwenye kukamua inasimama na kuanza kulia. Unafungua mfuniko, unafunga, unabonyeza kuanza, inalia tena. Nguo ziko chepechepe na jua linazidi kushuka. Fundi akija anaweza kukwambia bodi, yaani ile sakiti inayoiongoza mashine, imekufa, na bei ya bodi ikakufanya ulitamani tena beseni. Kabla hujafika huko, angalia swichi ya mfuniko. Ni kidude kidogo kilichojificha pembe ya nyuma, chini ya plastiki ya juu, na kazi yake ni kuijulisha bodi kama mfuniko umefungwa au uko wazi. Kikishindwa kutoa taarifa hiyo, bodi hukataa kulizungusha pipa kwa kasi, na ina haki ya kukataa.

Maelezo haya ni ya mashine otomatiki za pipa moja zinazofunguliwa juu, zile za LG, Samsung, Hisense, Haier, Panasonic, Toshiba na ndugu zao, ambazo ndizo nyingi majumbani kwetu. Za matangi mawili nimeziwekea sehemu yao huko chini kwa sababu swichi yao ni ya aina nyingine na hatari yake ni nyingine.

Swichi yenyewe inavyofanya kazi

Utakutana na aina tatu. Ya kwanza, ya zamani na rahisi kuishughulikia, ni ya kusukumwa. Mfuniko una ulimi wa plastiki karibu na bawaba. Ukifunga, ulimi unasukuma kijiti, kijiti kinavibana vibati viwili vilivyo ndani ya swichi vigusane, na ukitega sikio utasikia "tik". Ya pili ni ya sumaku: ndani ya mfuniko kimefichwa kipande cha sumaku, na kwenye fremu chini yake kuna kibomba cha kioo chenye ndimi mbili nyembamba za chuma zinazovutana sumaku ikikaribia. Hii haitoi mlio, kwa hiyo usihangaike kuusikiliza. Ya tatu ina kufuli inayoubana mfuniko usifunguke kabisa wakati pipa linazunguka. Hiyo swichi na kufuli vimo kwenye kasha moja, na hubadilishwa pamoja.

Aina ya kwanza ina jambo ambalo wengi hawalijui. Kutoka kwenye swichi hiyo hiyo huning'inia mkono mrefu wa plastiki unaoshuka kando ya tangi la nje. Nguo zikijirundika upande mmoja, tangi linayumba, linaugonga mkono huo, vibati vinaachana, na bodi inasimamisha mzunguko. Ndiyo maana mashine inaweza kusimama katikati ya kukamua kana kwamba mtu kafungua mfuniko, wakati hakuna aliyeugusa. Swichi moja inalinda mikono ya watu na inailinda mashine isijivunje yenyewe.

Kasi yenyewe si ya mchezo. Pipa lenye kipenyo cha nusu mita likizunguka mara 700 kwa dakika, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na limebeba nguo zilizolowa. Novemba 2016 Samsung ililazimika kutangaza urekebishaji wa mashine zake za kufungua juu zipatazo milioni 2.8 nchini Marekani, kwa sababu wakati wa kukamua baadhi zilitikisika kiasi cha sehemu ya juu kubanduka. Swichi inayosimamisha pipa linapoyumba ina thamani kuliko inavyoonekana.

Je, kweli ni swichi?

Hapa ndipo pa kutumia muda, kwa sababu swichi nyingi zinazonunuliwa hazikuwa na haja ya kununuliwa.

Anza na maji. Kama pipa bado lina maji wakati mashine inagoma, achana na swichi. Hakuna mashine ya aina hii inayokubali kukamua kabla maji hayajatoka. Tatizo lako ni bomba la kutolea maji lililopinda au kuziba, au pampu, au ile mota ndogo inayovuta vali. Kwenye LG utaona maandishi OE. Kama maji yametoka na mashine inajaribu kuzunguka, inayumba, inasimama, inajaza maji tena kidogo na kurudia, hizo ni nguo zilizokaa upande mmoja, na LG huandika UE. Zipange upya. Hasa usikamue kitu kizito kimoja peke yake kama zulia la bafuni au suruali ya jinsi.

Ukiona dE kwenye LG, au U12 kwenye Panasonic, mashine inasema wazi kwamba inauona mfuniko uko wazi. Hapo uko kwenye njia sahihi. CL kwenye LG siyo hitilafu hata kidogo. Mtu amewasha kufuli ya watoto, nayo huondolewa kwa kubonyeza na kushikilia vitufe vyake.

Tazama na sakafu. Mashine iliyoinama, au ambayo mguu wake mmoja unaelea, hutikisika hata nguo zikiwa zimekaa vizuri, na tangi litaugonga ule mkono kila mara. Isukume kwa kiganja kwenye pembe zote nne. Ikicheza, rekebisha miguu kwanza, kaza nati zake, kisha ujaribu tena. Nimeona mashine zikibadilishiwa swichi ilhali kilichohitajika ni kuzungusha mguu wa mbele.

Sasa njoo kwenye mfuniko wenyewe. Funga, washa kukamua peke yake bila nguo, na mashine ikigoma, kandamiza mfuniko kwa mkono kwenye pembe ya nyuma, upande wa swichi. Ikianza kuzunguka pale unapokandamiza na kusimama unapoachia, swichi yako huenda ni nzima: ulimi umelika, bawaba imelegea, au mfuniko umepinda na hauishii mahali pake. Fungua, tazama ulimi kwa tochi. Mara nyingi umekatika ncha, hasa kwenye nyumba ambazo watu huuachia mfuniko uanguke wenyewe. Kinachotakiwa hapo ni mfuniko au bawaba, si swichi.

Kama mashine yako ni ya sumaku, chukua sumaku yoyote yenye nguvu kiasi, hata ya spika mbovu, uipitishe taratibu kwenye ukingo wa fremu pale mfuniko unapolalia. Mashine ikikubali sumaku yako lakini inaukataa mfuniko, sumaku ya mfuniko imeng'oka na kuhama mahali pake. Hutokea maji yanapoingia ndani ya plastiki na kuilegeza gundi. Baadhi ya mifuniko hufunguka kwa skrubu chache na unaweza kuirudisha sumaku kwa gundi. Nyingine zimegandishwa moja kwa moja.

Pwani ina mambo yake. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ya chumvi hula vibati vya swichi na pini za konekta (kile kichwa cha plastiki kinachounganisha nyaya) mpaka zikawa kijani. Na popote pale, sehemu ya chini ya mashine nyingi iko wazi, panya hupanda ndani na kutafuna nyaya, wakati sisimizi na mende wanapenda kulala kwenye swichi zenye joto. Swichi iliyojaa mizoga ya sisimizi haipitishi umeme ingawa haijafa. Kwa hiyo una watuhumiwa watatu: kinachoisukuma swichi, swichi yenyewe, na waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye bodi. Ukimkamata mmoja bila kuwapima wengine wawili utarudi Kariakoo mara ya pili.

Vifaa

Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati, bisibisi bapa nyembamba, koleo ndogo, multimita (kipimo cha umeme) hata ile ya bei ya chini kabisa, tochi, kipande cha mbao au kamba ya kuushikilia mfuniko wa juu, simu ya kupigia picha, na vikombe viwili vya kuwekea skrubu. Skrubu za nyuma na za mbele mara nyingi hazilingani urefu, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa plastiki. Kama utalazimika kuunga nyaya, ongeza viungio vya kubana vyenye plastiki au vifaa vya solda pamoja na mpira mwembamba unaobana ukipashwa moto. Tepu nyeusi peke yake haifai humu. Mvuke wa sabuni unaibandua ndani ya miezi.

Kufungua

Chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, maana kuna nyumba ambazo swichi ya soketi inakata waya usio sahihi. Funga bomba la maji, ondoa nguo, hakikisha pipa halina maji. Kisha subiri dakika 10 au zaidi. Mashine za inveta, zile ambazo bodi huongoza kasi ya mota, hubeba volti zaidi ya 300 kwenye bodi, na hazipotei papo hapo unapochomoa plagi. Za mota ya kawaida zina kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, ambayo nayo hubaki na chaji. Huna kazi na kapasita leo, basi usiiguse. Vaa viatu, kausha sakafu.

Sogeza mashine mbali na ukuta mpaka uweze kusimama nyuma yake. Kwenye nyingi utakuta skrubu mbili nyuma, moja kila pembe, zinazoshika plastiki ya juu, ile fremu nzima yenye mfuniko na vitufe. Mbele kunaweza kuwa na mbili nyingine zilizofichwa chini ya vizibo vidogo vya plastiki vya rangi ya mashine; viinue kwa ncha ya bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa. Mashine nyingine zina bati au plastiki nyembamba nyuma ya sehemu ya vitufe, na ukiitoa hiyo swichi unaiona mbele yako bila kuinua kitu kingine. Anza na njia hiyo fupi kama ipo.

Kama ni lazima kuinua fremu nzima, usiivute kwa pupa. Chini yake kuna nyaya fupi na mirija ya maji, pamoja na mpira mwembamba wa hewa unaopeleka taarifa ya kina cha maji. Mpira huo ukichomoka na usirudishwe, mashine itajaza maji mpaka yamwagike. Inua upande mmoja sentimita chache, chungulia kwa tochi, uone kipi kinavutika. Mtu wa pili akishika kazi inakuwa nyepesi. Kama uko peke yako, egemeza kwa mbao au funga kamba kwenye dirisha. Piga picha kabla hujagusa chochote, moja ya mbali na moja ya karibu.

Kupima

Swichi iko karibu na bawaba, nyuma kulia au nyuma kushoto. Ina nyaya mbili kwa kawaida. Zifuate kwa kidole mpaka kwenye konekta. Konekta ina ulimi wa kubonyeza: bonyeza, kisha vuta konekta yenyewe, usivute nyaya. Kwenye baadhi ya mashine nyaya zinaingia moja kwa moja kwenye bodi iliyomiminiwa plastiki laini kuzuia maji, na hakuna konekta. Hapo itabidi ukate, lakini siyo sasa, na utakapokata acha mkia wa sentimita 10 hivi upande wa bodi ili upate mahali pa kuungia. Kwa kupima, unaweza kuchoma ncha za multimita kwenye migongo ya pini.

Weka multimita kwenye alama ya mlio, au kwenye omu (kipimo cha ukinzani) za chini. Gusa pini mbili za swichi. Mfuniko ukiwa umefungwa, nyingi zinatakiwa kulia na kusoma karibu na sufuri, ukifungua, zinyamaze. Wabunifu walifanya hivyo makusudi, ili waya ukikatika mashine idhani mfuniko uko wazi na isimame, badala ya kudhani umefungwa na kuzunguka.

Ikinyamaza wakati wote, swichi imekufa au haisukumwi. Isukume kwa kidole: ikilia sasa, rudi kwenye ulimi wa mfuniko. Ikilia wakati wote hata mfuniko ukiwa wazi, vibati vimegandana, na hiyo ni hatari kuliko ile isiyofanya kazi. Ukipata namba zinazorukaruka, mara omu 3, mara 80, mara hakuna, vibati vimeungua au vimeingiwa na uchafu. Swichi ya namna hii inaudhi sana kwa sababu asubuhi inafanya kazi na jioni inagoma. Fungua na kufunga mfuniko mara nyingi huku ukitazama namba, kisha utikise nyaya. Namba zikiruka unapotikisa waya na kutulia unapouacha, waya umekatika ndani ya ganda lake.

Usisahau ule mkono wa kuyumba kama upo. Usukume kwa kidole kuelekea nje: mlio unatakiwa ukatike, na ukiachia urudi. Springi yake ikichoka, mkono unabaki umesogea na mashine inaamini inayumba siku nzima.

Baada ya swichi, pima waya: ncha moja kwenye konekta ya swichi, nyingine mwisho wa waya huo huo kwenye bodi, waya mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ulie.

Swichi ya kusukumwa iliyochafuka tu inaweza kuokolewa. Dawa ya kusafishia koneksheni ikipulizwa ndani, kisha kijiti kikibonyezwa mara kadhaa, huirudisha. Usitumie mafuta ya kupikia wala grisi ya gari. Lakini kama vibati vimeungua nyeusi, kusafisha ni kuahirisha tu, nunua nyingine.

Za kufuli zina koili ndani, na kuzipima kikamilifu kunahitaji umeme uwe umewashwa. Sikushauri ufanye hivyo nyumbani. Pima upande wa swichi peke yake, tazama kama plastiki ya ndoano imevunjika, na kama shaka inabaki muite fundi.

Kununua

Nyuma ya mashine kuna stika yenye namba ya modeli. Ipige picha. Kisha ng'oa swichi mbovu uende nayo mkononi, Kariakoo jijini Dar, Luthuli Avenue jijini Nairobi, au popote unaponunua spea. Picha ya simu peke yake haitoshi, maana swichi mbili zinaweza kufanana usoni na kutofautiana mahali panapouma. Mkono wa kuyumba unaning'inia kushoto au kulia? Una urefu gani? Matundu ya skrubu yamepishana umbali ule ule? Nyaya ni mbili au tatu? Konekta inaingia? Na muhimu kuliko vyote, muombe mwenye duka multimita, au beba yako, upime mpya palepale: ikiwa imebanwa na ikiwa imeachiwa. Swichi inayofanya kazi kinyume cha yako itaifanya mashine ikatae kukamua mfuniko ukiwa umefungwa na ikubali ukiwa wazi. Umesoma sawasawa, na hutaki hilo nyumbani kwako.

Ya kutoka mashine iliyochinjwa siyo mbaya kama imepima vizuri na plastiki yake haijapauka. Ya sumaku ibebe kwa uangalifu, kile kibomba ni kioo.

Kufunga

Swichi hushikwa kwa skrubu moja au mbili, au kwa ndoano za plastiki. Ndoano zilizozeeka hukatika kwa urahisi. Zisukume kwa bisibisi bapa huku ukivuta swichi taratibu. Weka mpya mahali pale pale, kaza skrubu mpaka zishike, kisha uache. Unafunga kwenye plastiki, si kwenye chuma.

Mkono wa kuyumba uning'inie huru kati ya tangi la nje na ukuta wa mashine, usiguse tangi likiwa limetulia. Lisukume tangi kwa mkono: likiyumba kidogo lisiuguse, likiyumba sana liugonge. Nyaya zirudishe kwenye njia yake ya zamani kwa kufuata picha zako, na uzifunge kwa vile vikamba vya plastiki mbali na tangi. Waya unaosuguliwa na tangi hudumu wiki chache. Kama uliunga, kiungio kikae juu, si mahali ambapo maji yatadondokea.

Kabla hujashusha fremu, chomeka multimita kwenye konekta upande wa swichi na ufanye jaribio moja zaidi kwa kutumia mfuniko halisi, si kidole: funga, ilie, fungua, inyamaze. Kisha hakikisha ule mpira wa hewa umekaa, waya wa ardhi wa kijani na njano umerudi mahali pake, konekta zote zimeingia mpaka ziseme tik, na vikombe vya skrubu vimebaki vitupu.

Kujaribu

Rudisha mashine mahali pake, isawazishe, chomeka plagi. Chagua kukamua peke yake, pipa likiwa tupu. Ikishika kasi, fungua mfuniko. Umeme wa mota unatakiwa ukatike mara moja na breki ilisimamishe pipa ndani ya sekunde chache. Usiingize mkono kuhakikisha, tazama tu. Za kufuli hazitafunguka, na hilo ndilo jibu sahihi kwao. Kama pipa linaendelea kuzunguka huku mfuniko uko wazi, chomoa na usiitumie mpaka ujue sababu. Baada ya hapo fua mzigo mdogo, uusindikize mpaka mwisho.

Habari ya kupiga dairekti

Kuna fundi atakayekwambia, "Mama, spea hii haipatikani, tuipige tu dairekti, itakamua." Maana yake ni kuzifunga zile nyaya mbili pamoja ili bodi iamini mfuniko umefungwa milele. Itakamua kweli. Kisha siku moja mtoto ataweka kiti kidogo, apande, afungue mfuniko kutazama nguo zinavyokimbia, na pipa halitasimama. Taulo au kanga linalozunguka likishika mkono halikati ngozi tu, linauvuta mkono wote. Zaidi ya hapo, kwenye mashine zenye mkono wa kuyumba, dairekti inaua ulinzi huo pia, na tangi litapiga kuta mpaka fimbo za kulishikilia zikatike. Mashine za kufuli nyingi hazidanganyiki kwa njia hiyo hata hivyo.

Kama jaribio la dakika moja kujua kosa ni la nani, mfuniko ukiwa umefungwa na watoto wako nje, sina ugomvi nalo, ingawa multimita inatoa jibu hilo hilo bila hatari. Kuiacha hivyo na kupokea malipo ni jambo jingine. Ukinunua mashine iliyotumika, fanya jaribio la kufungua mfuniko wakati wa kukamua kabla hujalipa. Nyingi zimeshapigwa dairekti na muuzaji mwenyewe hajui.

Za matangi mawili

Hapa swichi iko upande wa kikamulio, chini ya paneli ya vitufe, na haizungumzi na bodi yoyote. Umeme wa mota, volti 230 Tanzania na 240 Kenya, unapita moja kwa moja kwenye vibati viwili vya shaba vilivyo wazi. Ukivigusa wakati plagi imechomekwa, unaugusa umeme wenyewe. Kwa hiyo ukikumbuka jambo moja kwenye sehemu hii, likumbuke la kuchomoa plagi.

Fungua skrubu za nyuma za paneli, inua. Utaona jinsi mfuniko unavyosukuma kijiti, na kijiti kinavyokutanisha vibati. Mara tisa kwa kumi utakuta vimeota kutu au vimeungua ncha. Vipitishie msasa laini mpaka ving'ae, futa unga, kisha upime kwa multimita. Kama vimelegea kiasi cha kutogusana, vipinde kidogo sana kwa koleo. Vikiwa vimeyeyuka au plastiki inayovishika imebabuka, badilisha swichi yote.

Angalia pia waya wa breki. Mfuniko huo huo unapofunguliwa huachia waya mwembamba wa chuma na breki ikabana shina la kikamulio. Waya ukilegea, kikamulio kitachukua muda mrefu kusimama; ukikaza mno, breki haitaachia na mota itanguruma bila kuzunguka, nawe utailaumu swichi bure.

Kwa ndugu walioko Marekani na Kanada

Mashine za zamani za Whirlpool na Kenmore zina njia yao. Baada ya kuchomoa plagi unafungua skrubu za paneli ya vitufe na kuiinua nyuma, unachomoa konekta ya swichi, unatoa klipu mbili za rangi ya shaba kwa bisibisi bapa, na bati lote la nje linainamia mbele na kutoka. Swichi imefungwa kwa skrubu mbili chini ya bati la juu, na waya wake wa ardhi una skrubu yake. Huo wa ardhi lazima urudi.

Ikikataa bado

Umebadilisha swichi, imepima vizuri, nyaya zote zinalia, mfuniko unaisukuma sawasawa, na dE iko palepale. Chomoa plagi dakika kadhaa, chomeka, ujaribu mara moja zaidi. Kisha kagua pini ya konekta upande wa bodi. Kuna wakati pini hurudi nyuma unapoisukuma konekta na haigusi kitu. Kama hapo napo pako salama, sasa ndipo bodi inaingia kwenye mashaka. Mpelekee fundi wa bodi na umweleze ulivyopima: swichi inasoma nini ikifungwa, inasoma nini ikifunguliwa, na kwamba nyaya mbili zimepimwa mpaka mwisho. Fundi mzuri ataanzia hapo. Akianza kwa kukuuzia swichi nyingine, tafuta mwingine.